Maji ya kooni: kisa cha ndovu wa Mikumi na darasa letu la bati Pemba

Naandika hichi kisa chote pamoja mana nshakieleza vipande vipande kwenye magrupu ya walimu na kila mtu anaondoka na kipande chake, huyu kashika masikio, yule kashika matope, na nnachotaka kusema mie hakikai kwenye kipande kimoja. Nasomesha baiolojia skuli moja huku Pemba, Fomu 3. Kisa kilianza na video ya dakika 27 nliyoichukua kwa simu hifadhi ya wanyama ya Mikumi mwezi wa 10, kikaja kumalizikia darasani mwezi wa 2 ndani ya kaskazi, lile joto la shati kuganda mgongoni saa 3 asubuhi.

Darasa letu ni bati tupu, halina silingi, madirisha ni matofali ya matundu na upande wa pili pamejengwa jengo jengine kwa hiyo upepo hauna njia. Wanafunzi 61. Ikifika saa 6 mchana watoto wanajipepea kwa madaftari na chaki inarowa mkononi mwa mwalimu, na hapo ndipo ratiba ilipoiweka baiolojia. Siku hiyo tuko kwenye mada ya mwili kujitunzia joto lake, nkauliza, ndovu hana tezi za jasho kwenye ngozi ya mwili, wala hahemi ulimi nje kama mbwa, sasa anapoaje? Darasa zima sauti moja: "Masikiooo!"

Ndio jibu la kwenye noti. Ndilo nlosomeshwa mie, ndilo nlosomesha miaka yote, na kwenye mtihani ukiliandika unapata maksi yako kamili. Nkawaambia sawa, haya tuyatizameni hayo masikio yenyewe yanafanya kazi gani, nkawasha video kwenye projekta ya kuazima, mapazia ni kanga mbili za walimu wenzangu.

(Nasema ndovu, mana huku ukisema tembo kuna mzee atafikiria ya mnazi. Na kuna jambo linaniuma kidogo kila nikilifikiria, karne ya 19 Unguja ndio ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu kwa pande hizi zote za Afrika Mashariki, pembe zimebebwa mabegani mwa watu kutoka Tabora na Ujiji mpaka pwani zikavushwa bahari, lakini mwenye pembe zake mwenyewe hatukumjua. Nliwauliza wale 61, hakuna hata mmoja aliyewahi kumuona ndovu kwa macho yake.)

Sasa video. Tulikwenda walimu wanne, boti mpaka Dar, SGR mpaka Morogoro, halafu gari ya kukodi. Saa 6 na dakika 40 mchana dereva akasimamisha gari karibu na mkwaju mmoja, kipimajoto cha gari kinasema 34, kiangazi kimekausha kila kitu, nyasi rangi ya mkeka wa zamani, hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Chini ya mkwaju ndovu 9. Kivuli hakiwatoshi. Wakubwa wamekaa kati karibu na shina, na pembeni kabisa yuko jike mmoja nusu mwili kivulini nusu juani, sikio lake la kushoto limechanika chini limeacha pengo, na darasani wakambandika jina papo hapo, Mama Pengo. Chini ya tumbo lake kitoto. Hakitoki pale. Mama akisogea hatua moja na chenyewe hatua moja, kivuli cha mama ndio nyumba yake.

Dakika ya mwanzo mpaka ya 8 hakuna jengine, masikio tu yanakwenda mbele na nyuma polepole. Watoto wakawa wananitizama kama wanaosema si tumeshakwambia.

Dakika ya 9 Mama Pengo akauinamisha mkonga, akautia mdomoni mwake, si ncha tu, akausokomeza ndani hasa mpaka kooni, akatulia kidogo, akautoa, akaurusha nyuma ya sikio la kushoto na yakatoka maji. Maji ya kweli, yanaonekana yanameta kwenye jua na ngozi inageuka nyeusi pale yalipopiga. Halafu sikio la kulia vilevile.

Darasa likachafuka. Wengine "anatapika!", wengine "mgonjwa huyo Mwalim", na binti mmoja wa mbele akauliza swali ambalo ndilo lililotushughulisha wiki mbili zilizofuata: "Maji kayatoa wapi? Pale hapana maji." Na kweli video nzima mpaka dakika ya 20 hapana hata dimbwi. Alirudia tena dakika ya 14, tena dakika ya 17. Dakika ya 20 likatokea jambo la pili la ajabu, kundi zima likakiacha kivuli, jua la utosi, saa 7 mchana, likaanza kutembea juani. Mtu mwenye akili anatoka kivulini saa ile?

Kwa hiyo tulikuwa na maswali mawili, maji yametoka wapi na kwa nini waondoke kivulini, na jibu la "masikio" halijibu hata moja.

Nlikataa kuwapa majibu siku ile. Tukaanza na chanzo cha tatizo lenyewe, ukubwa. Kila mtoto wa Pemba amewahi kuona sufuria la shughuli, lile la pilau ya harusi, likiepuliwa asubuhi mpaka laasiri ukifunua bado linatoa moshi, na bakuli la uji la mtoto dakika kumi lishapoa. Moto ule ule, sasa kwa nini? Tukakata michemraba ya sabuni tukapiga hesabu ubaoni: mchemraba wa sentimita 1 una ujazo 1 na eneo la nje 6, wa sentimita 10 una ujazo 1,000 na eneo la nje 600. Yaani kile kidogo kila sentimita moja ya ndani ina sentimita 6 za ngozi ya kutolea joto, kile kikubwa ina 0.6 tu. Ndovu ndio sufuria la shughuli. Jike mkubwa ni kilo 3,000 hivi, dume anafika hata 6,000, tumbo linasaga majani mchana kutwa na usiku na kila anachosaga kinatoa joto, na ngozi ya kulitolea ni ndogo kwa mwili ule. Kitoto mambo yake mengine, yeye ni bakuli, jua likimpiga anapata moto upesi kwa hiyo kivuli cha mama kwake ni lazima.

Basi hapo masikio yanaingia, na yanaingia kwa haki yao, sitaki mtu aniambie nimeyakana. Umeona mzee akiletewa chai ya moto anaimimina kwenye kisahani? Chai ile ile, wingi ule ule, lakini sasa imetandazwa, inapoa mara moja. Sikio la ndovu ndio kisahani. Pande zote za masikio yote mawili ukizijumlisha zinakaribia moja ya tano ya ngozi yake nzima, nyuma ya sikio ngozi ni nyembamba sana na mishipa imetuna kama mizizi ya mkoko, damu ya moto inaletwa pale inatandazwa inapoa inarudi mwilini. Tena ana uwezo wa kuifungua na kuifunga ile mishipa anavyotaka. Na si masikio peke yake, watafiti waliwapiga kamera ya joto ndovu wa Kiafrika wa bustani ya wanyama ya Vienna wakachapisha 2010, wakaona mabaka mabaka kwenye mwili yanawaka moja moja wakati mengine yametulia, kama nyumba yenye madirisha mengi na mwenye nyumba anachagua afungue lipi.

Lakini. Damu yake ni digrii 36 hivi. Hewa ya pale ilikuwa 34. Tofauti ni 2 tu! Nkamsimamisha kijana mmoja mbele, mkono mmoja mkavu mmoja nimeurowesha, nkampepea kwa kipepeo cha ukili, hapa darasani penye 33. Mkono mkavu akasema "upepo wa moto huu Mwalim". Mkono uliorowa akasema baridi. Kipepeo kile kile na mkono wa mtu yule yule. Hapo kimya kikaingia darasani, ile aina ya kimya ambayo mwalimu anaipenda, na ndipo yule binti wa mbele akasema taratibu, kwa hiyo kayarowesha ili yafanye kazi.

Ndio hasa. Sikio kavu linategemea hewa iwe baridi kuliko damu, na hewa ikikaribia joto la damu sikio kavu ni kazi bure, ikipita ndio balaa kabisa mana litakuwa linaingiza joto ndani. Sikio lililorowa halingoji hewa iwe baridi, linangoja tu hewa iwe kavu. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye ngozi inaondoka na kilojuli kama 2,400 za joto, na Mama Pengo yale maji hakuyarusha mgongoni wala tumboni, kayapeleka nyuma ya masikio, pale ngozi ilipo nyembamba na damu ipo karibu. Miaka yote nawaambia watoto masikio ni feni. Feni inamfaa aliyerowa.

Bado maji kayatoa wapi. Nlidhani hili nitalijibu mie, lakini limejibiwa na kijana wa benchi la nyuma ambaye hasemi darasani, kwao ni Ole, akanyanyua mkono akasema, "Mwalim, kama popo wa Kidike." Nkamwambia eleza. Akasema mchana wa joto ukisimama chini ya ile miti unawaona popo wananing'inia wanajipepea kwa bawa moja, na likizidi wanajilamba, kifua, mabawa, wanajirowesha mate halafu wanapepea tena. Wallahi nlitamani kumkumbatia. Popo wetu wa Pemba, mnyama ambaye yuko kwetu tu dunia nzima hayupo pengine, mabawa yake yakitanuliwa yanafika mita 1 na nusu na kitu, ngozi tupu yenye mishipa, ndio masikio yake ya ndovu, na likimzidi anatoa maji ya mdomoni kwake mwenyewe. Mtoto kaishi na jibu miaka kumi na sita na hakuna kitabu kilichomwambia kuwa ni jibu.

Ndovu naye hivyohivyo ila yeye si mate tu. Nyuma ya ulimi kooni ana kama kimfuko, anaweza kuweka maji pale akayafikia kwa mkonga saa nyingi baadae, na wanaokaa na ndovu sehemu za ukame wameliona hili mara nyingi, joto likizidi na maji yako mbali anajitia mkonga kooni, ananyonya, anajimwagia. Mwenyeji wetu pale Mikumi alituambia kundi lile lilikunywa alfajiri. Kwa hiyo Mama Pengo saa 7 mchana alikuwa anatumia maji ya alfajiri, alikuja na dumu lake.

Wiki ya pili tulikaa kwenye ngozi na hapa ndipo nlipofaidi zaidi, samahani kama nitarefusha. Watoto walikuwa wananibana, umesema hana tezi za jasho, kwa hiyo ngozi nyengine yote haifanyi kitu? Nkaleta mtungi wa bibi yangu, ule wa udongo wa maji ya kunywa, na ndoo ya plastiki, zote zimejazwa maji ya kisima kile kile toka magharibi ya jana. Saa 6 mchana tukapima, maji ya ndoo 31, maji ya mtungi 28 na nusu, na mtungi nje umerowa mwili mzima. Nkauliza mtungi una tezi za jasho? Hauna. Mbona unatoka jasho? Kwa sababu udongo unapitisha. Basi ngozi ya ndovu ndio mtungi. Ukiacha vijitezi vidogo karibu na kucha za miguu hana tezi za jasho, lakini ngozi yake inapitisha maji kutoka ndani polepole yakavukiza nje, na joto la hewa likipanda na upitishaji unapanda. Ngozi inaonekana kama gome, nene, kumbe inavuja.

Na ile mikunjo na nyufa zake. Wengi tunadhani uzee tu. Mabonde yetu ya mpunga yakikauka kaskazi yanapasuka vipande vipande, ukimwagia ndoo ya maji pale hayateremki yakapotea, yanaingia kwenye mipasuko yanatambaa yanakaa. Watafiti wa Geneva walichapisha 2018 kuwa ngozi ya ndovu wa Kiafrika imejaa nyufa ndogondogo sana za namna hiyo, safu yake ya juu ni ngumu na inapasuka kwa kupindika, na kwa nyufa hizo inashika maji mara 5 mpaka 10 kuliko ngozi iliyokuwa laini. Yaani akijimwagia mara moja anabaki amerowa muda mrefu, ni kama kavaa kanga mbichi. Hata vile vinywele vyake viwili vitatu vilivyotawanyika vina kazi, utafiti mmoja wa 2012 ulipiga hesabu ukaona vinasaidia kutoa joto, zaidi ya asilimia 20 pale upepo unapokuwa mdogo, mana vichache hivyo havizibi hewa kama manyoya, vinachomoza tu vinatoa joto nje.

Matope sikuhitaji kuyaeleza, wasichana walinieleza wao. Mama zao wanaokwenda kwenye mwani wanashinda juani maji ya magoti, uso wameupaka liwa. Liwa linazuia jua, linakaa na ubichi, linapoa usoni. Ndovu anapaka liwa la mwili mzima, tope likishika kwenye zile nyufa maji yanachelewa kukauka na jua halimpigi ngozi moja kwa moja na wadudu hawamtoboi, na akikosa tope anajirushia vumbi, Mama Pengo dakika ya 11 na ya 16 alikuwa anajirushia vumbi mgongoni kwenye ile nusu iliyokuwa juani.

Sasa jambo ambalo naona ndio kubwa kuliko yote na halimo kwenye noti kabisa: ule ukubwa ambao tulisema ndio tatizo lake, ndio pia unaomwokoa. Waliokaa nyumba za Mji Mkongwe wanajua, kuta za mawe na chokaa unene wa mkono mzima na zaidi, saa 8 mchana ukiingia ndani kumetulia, jua linachoma ukuta nje na ndani bado haijafika, halafu usiku ukuta unatema joto lake nje na watu wanakaa barazani. Ndovu mwili wake ndio ukuta ule. Si lazima joto lote la mchana alitoe mchana, anaweza kulibeba akalitema usiku. Tukapiga hesabu ubaoni, kilo 3,000, kila kilo inahitaji kilojuli kama 3.5 kupanda digrii 1, kwa hiyo mwili wake ukipanda digrii 1 tu umeweka kilojuli 10,500. Angetaka kulitoa joto hilo kwa maji angepoteza lita 4 na zaidi. Digrii moja ni lita nne za maji! Na ndovu waliopimwa Thailand kwenye joto walionekana mwili unapanda na kushuka zaidi ya digrii 1 kwa siku, wenzao wa Ujerumani kwenye baridi kama nusu digrii tu. Kwa nchi ya ukame hiyo ni akiba kubwa, na usiku ukija anatembea na kula na kutoa deni lake bila ya kumwaga hata tone.

Ndio mana nasema masikio ni nusu ya jibu, labda hata nusu haifiki. Jibu ni maji na usiku. Masikio ni mlango wa kutokea.

Tuliulizana pia kama Mama Pengo angeweza kuishi Pemba na hili liligawa darasa pande mbili mpaka kengele ikalia hawataki kutoka. Upande mmoja ukasema kwetu joto ni dogo, 32, 33, kule 34, 35, kwa hiyo angestarehe. Upande wa pili, na mie niko nao, ukasema angalieni mtungi. Mtungi wetu umeshuka digrii 2 na nusu tu chini ya ndoo, mana hewa yetu imeshiba maji ya bahari haina nafasi ya kupokea mengine, na siku ile ya wingu zito mwezi ule ule tulipopima tena tofauti ilikuwa digrii 1. Hewa kavu ya Mikumi mwezi wa 10 mtungi ule ule ungeshuka mbali zaidi. Fukuto la kwetu ndilo lingemsumbua, si jua, angejimwagia maji na yangebaki pale pale kama jasho letu linavyobaki. Si kwamba hawezi kabisa, ndovu wa misitu ya Kongo na wale wa Asia wanaishi kwenye unyevu wa namna hiyo, lakini wako chini ya miti mikubwa mchana kutwa na mito haiko mbali, na ndovu wa Asia hata masikio yake ni madogo. Kijana mmoja akasema basi tumweke Ngezi. Msitu wa Ngezi kwa kweli ndio jibu zuri nlilolisikia, ingawa hautamtosha kwa chakula.

Ndovu mmoja anakunywa zaidi ya lita 100 kwa siku, mkonga mmoja unabeba kama lita 8. Watoto wanaotoka vijiji ambavyo maji ya bomba yanakuja siku mbili kwa wiki walitulia sana niliposema hivyo, mana wanajua lita 100 ni ndoo ngapi kichwani. Nkawaeleza na Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukipita mwaka mzima ndani ya hifadhi, toka 1993 unakatika kiangazi kwa maji kuchukuliwa juu kwenye mashamba, na ndovu kule wanachimba visima kwenye mchanga wa mto mkavu kwa miguu na mkonga, wanangoja maji yajikusanye, wakiondoka wanakuja nyani na ndege na swala kunywa kisima kile kile. Hili linanigusa. Mnyama ambaye kila njia yake ya kupoa inarudi kwenye maji, na maji ndiyo tunayoyachukua kwanza.

Nirudi kwenye swali la pili, mana liliachwa. Kwa nini kundi litoke kivulini jua la utosi. Tuliirudia video mara nyingi na binti wa mbele, yule yule, akasema tuhesabu sekunde. Tukahesabu. Dakika ya 9 maji yalitoka kwa sekunde 6 jumla ya masikio yote mawili. Dakika ya 14 sekunde 4. Dakika ya 17 sekunde 2, na sikio la kulia halikupata kitu, mkonga umerushwa na hakikutoka kitu, tulikuwa tumeliona mara kumi bila kuliona. Dakika tatu baadae kundi limeondoka. Nnavyoisoma mie, kivuli kilikuwa hakitoshi toka mwanzo, hewa imeshakaribia joto la damu na masikio makavu hayafanyi kitu, yeye na kitoto wako pembeni nusu juani, na maji ya kooni yamekwisha. Kukaa pale ni kupanda joto polepole mpaka usiku. Kutembea juani kunaongeza joto kwa muda, lakini mbele kuna maji. Aliyeanza kutembea si Mama Pengo, ni jike mkubwa aliyekuwa karibu na shina, mwenye kivuli kizuri kuliko wote, na yeye ndiye aliyejua njia.

Walitembea dakika nne. Njia nzima kitoto kiko upande wa kivuli wa mama, mama anabadilisha upande njia ikikata kona. Dakika ya 24 wamefika dimbwini, Mama Pengo kanywa kwanza, mikonga mitatu, halafu wa nne kautia mdomoni kama kawaida lakini hakuumeza wote, kauinua juu akamwagia kitoto kichwani na mgongoni, kitoto kikakaa chini kwenye tope. Wa tano nyuma ya sikio la kushoto, lile lenye pengo. Hapo simu ikajaa na video imekatika, mkonga wa sita uko hewani na kitoto kimefungua mdomo chini yake.